Kwa Nini Hana Hakula: Ugomvi wa Nyumbani na Afya ya Mwili

Andiko la somo: 1 Samweli 1:1–19. Fungua Biblia yako usome mistari yote kabla ya kuendelea.

Jumapili iliyopita nilipofundisha juu ya Hana, muda ulinikatia pabaya. Baada ya ibada watu kadhaa walinifuata na swali moja: ni kweli kukosana na watu wa nyumbani kunaweza kumfanya mtu augue mwilini, ama mchungaji alikuwa anatia chumvi? Mchungaji Mkuu akaniambia niliandike somo lote hapa, polepole, mtu alisome akiwa amekaa. Kumbukeni tu kwamba mimi nilisomea biashara, si udaktari. Mambo ya mwili nitayaeleza kwa lugha ya dukani, na pale panapohitaji daktari nitakutuma kwa daktari.

Tuanze na Hana mwenyewe. Huyu mama alikuwa na mume anayempenda. Hakuwa anapigwa, hakunyimwa chakula. Wakati wa kugawa nyama ya dhabihu, Elkana alimpa sehemu ya heshima. Ndiyo, hakuwa na mtoto, na hilo lilimwuma. Lakini ukisoma mstari wa 6 na wa 7 utaona kilichomgeuza mtu wa machozi ni mtu mmoja ndani ya boma, Penina, na maneno yake. Biblia inasema jambo hilo liliendelea mwaka baada ya mwaka. Na angalia lilikuwa linatokea wapi: safarini kwenda kuabudu! Wale ambao mmewahi kununiana kutoka nyumbani hadi mlango wa kanisa, kisha mkaingia mkipiga makofi, mnanielewa vizuri.

Sasa mwili wa Hana ukaanza kusema. Analia, hali. Elkana, mume mwema kabisa, anamwuliza maswali manne mfululizo katika mstari wa 8: kuhusu machozi, kuhusu chakula, kuhusu moyo wake, na kama yeye si bora kuliko wana kumi. Hesabu maswali hayo tena. Jina la Penina halimo hata mara moja. Anaiona sahani iliyojaa, anayaona machozi, lakini kile kinachosababisha machozi hakitajwi. Nyama aliongeza. Ugomvi aliuacha ulivyo.

Duka lina gharama za aina mbili. Ipo ya mara moja: kioo cha dirisha kimevunjika, unamwita fundi, unalipa, imekwisha. Na ipo ya kudumu, kama kodi. Uuze usiuze, ufungue ufunge, mwisho wa mwezi mwenye nyumba anataka chake. Biashara nyingi ninazozijua hapa kwenye barabara ya Thika hadi Garissa hazikuuawa na kioo. Ziliuliwa na kodi.

Mungu aliuumba mwili wako uweze kulipa gharama ya mara moja. Umekwenda kufungulia maji usiku, unakutana na nyoka pale kando ya mfereji wa Yatta. Moyo unakimbia, sukari inamwagwa kwenye damu ili upate nguvu za kuruka, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinatoa homoni. Mojawapo ya hizo inaitwa kotisoli. Papo hapo kinga ya mwili nayo inajiandaa kwa jeraha, kana kwamba umeshaumwa. Nyoka akienda zake, kila kitu kinarudi mahali pake. Kesho unawasimulia watu mkicheka.

Hiyo kinga ikifanya kazi tunaiona kwa macho. Ukijikata na panga, mahali pale panavimba, panapata joto, panauma. Madaktari huuita inflamesheni, na ni kazi njema: askari wa damu wamefika, wanapigana na vijidudu, wanasafisha. Lakini hata jeshi zuri lazima liambiwe limalize lirudi kambini. Kazi moja ya kotisoli ni hiyo ya kuwatuliza askari. Ndiyo maana dawa za jamaa yake, kama haidrokotisoni na prednisoloni, hutumika hospitalini kutuliza uvimbe wa pumu na wa ngozi.

Tatizo linakuja pale nyoka anapokuwa analala nyumba moja na wewe. Hapo tezi zinatoa kotisoli leo, kesho, mwezi ujao. Na ni kama mtoto anayeitwa jina lake kila dakika. Hatimaye anasikia lakini hageuki. Chembe za kinga zinaacha kuitikia kotisoli. Askari wanabaki nje ya kambi bila vita, na moto mdogo unawaka mwilini usioonekana kwa nje, bila kidonda, bila homa. Ni kodi inayokatwa hata siku duka limefungwa. Moto wa namna hii ukidumu miaka, madaktari wanauhusisha na ugonjwa wa moyo, kisukari cha ukubwani na hata huzuni ile nzito isiyoondoka.

Haya si maneno ya mimbari tu. Kule Marekani, mtafiti Sheldon Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliwachukua watu 276 wenye afya, akawatilia virusi vya mafua puani kwa matone, akawaweka mahali pamoja awaangalie. Matokeo yalitoka 1998. Waliokuwa na msongo wa chini ya mwezi mmoja hawakuugua kuliko wenzao. Waliokuwa na msongo uliodumu mwezi na zaidi ndio waliougua zaidi, na misongo iliyojitokeza ilikuwa miwili: kukosa kazi na kukosana na watu wa karibu. Mwaka 2012 timu yake ikaeleza sababu, ile niliyowaambia: chembe za kinga zilizozoea msongo hazisikii tena kotisoli ikisema basi.

Utafiti mwingine ndio ulionishika zaidi, wa mwaka 2005, wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Waliwaalika wanandoa 42 walale hospitalini mara mbili, mume na mke pamoja. Kwa kifaa maalum waliwatoa malengelenge madogo kwenye mkono, vidonda vya kupimia. Mara ya kwanza wakawaambia wazungumze mambo ya kutiana moyo. Mara ya pili wazungumze jambo wanalokosania, na najua hapo hawakukosa la kusema. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya kukosana. Na wale wanandoa waliokuwa na ukali na dharau katika mazungumzo yote mawili, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wale waliozungumza kwa upole. Damu yao nayo ilionyesha kemikali za uvimbe zimepanda zaidi siku ya pili yake.

Mtu asiseme, "Mchungaji amesema tusikosane." Wote 42 walikosana. Waliambiwa wakosane! Kilichowatofautisha ni namna. Nyumba ambayo watu hawatofautiani kabisa, mara nyingi kuna mmoja ameshanyamazishwa, na mimi hiyo siiiti amani.

Sasa nije nyumbani Kenya, maana mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Kwa miaka mingi kuanzia 1978, mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akija Maasai Mara kuwafuatilia nyani. Najua kuna mzee ameshakunja uso: nyani tena, katika jarida la kanisa? Mzee wangu, sisemi tulitoka kwa nyani. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze, na hakuna anayedhani Sulemani alikuwa anasema tulitoka kwa chungu. Nyani tunawajua hapa kwetu. Wanatumalizia mahindi kila msimu. Tuwatoze somo.

Sapolsky aliona kwamba nyani wa Mara wanaishi vizuri. Chakula wanakipata kwa saa chache, na simba hawasumbuliwi naye kila siku. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Dume mkubwa akipigwa na mwenzake anageuka anampiga mdogo, mdogo anamfukuza jike, jike anamfinya mtoto. Si mnaifahamu hiyo nyumba? Na alipopima damu yao, wale madume wa chini wanaoonewa ndio waliokuwa na kotisoli ya juu hata wakati wamepumzika.

Kundi moja kati ya hayo lilipatwa na jambo la ajabu. Kati ya 1983 na 1986 madume wake wakali walikuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula kwenye jaa la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ilitupwa pale, wakaambukizwa, wakafa. Karibu nusu ya madume wazima wa kundi wakaisha, na waliobaki walikuwa ndio wapole. Basi kundi zima likabadilika: kupigana kukapungua, kukaa karibu na kusafishana manyoya kukaongezeka, na wale wa chini hawakuwa tena na zile dalili za msongo katika miili yao. Lakini lililomshangaza Sapolsky ni lililofuata. Kufikia 1993 hakuna hata dume mmoja wa wakati ule aliyekuwa amebaki. Wote waliokuwepo walikuwa wamehamia kutoka makundi mengine, waliingia na ukali wao wa kawaida, na wakajifunza upole wa boma jipya. Yeye na mwenzake Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Mimi hapo nawaza habari ya mkaza mwana anayeingia kwenye boma letu. Atajifunza tunavyosemezana. Akikuta wifi wanasengenyana jikoni na baba hasemeshwi na kaka yake kwa sababu ya mpaka wa shamba, baada ya mwaka atakuwa mmoja wetu. Akikuta mengine, atajifunza mengine. Desturi ya boma haiko kwenye damu, wapendwa. Hatuwezi kuendelea kusema "kwetu ndivyo tulivyo."

Kabla sijaendelea, niweke mambo matatu sawa, maana najua mahubiri yanavyoweza kugeuzwa yakifika sokoni.

La kwanza, usitoke hapa ukamwangalia kila mgonjwa ukasema, "Huyo lazima anagombana kwake." Hayo ndiyo waliyoyafanya rafiki za Ayubu, na Mungu aliwakemea. Magonjwa yana sababu nyingi. Hata alsa, ambazo tunapenda kusema tumepewa na mtu fulani, madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vingi vya vidonda hivyo vinahusiana na bakteria, na hutibika kwa dawa. Ukiwa na vidonda vya tumbo, patana na shemeji yako, ndiyo, lakini pia nenda ukapimwe.

La pili, usiache dawa. Kama unameza za presha au za sukari, endelea kumeza unapoomba na unapopatanishwa. Luka alikuwa tabibu na alitembea na Paulo. Hatusomi popote kwamba Paulo alimwambia atupe mkoba wake. Anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani, mlete kwangu tuzungumze naye.

La tatu ni zito, na hapa nitasema bila kuzunguka. Kuna dada na mama zetu wamekuwa wakiambiwa, hata na watu wa kanisa, "Vumilia tu, omba, atabadilika." Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kudhulumiwa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ni mmoja kwa kila watatu. Jumapili hesabu benchi uliloketi. Wanaume wako pia, na wengi wao hawasemi kwa aibu. Mwili unaokaa nyumba ya namna hiyo hauna siku ya mapumziko. Hata mkono usipoinuliwa leo, unausubiri.

Watu hutaja msamaha hapo. Basi tubaki katika kitabu hiki hiki cha 1 Samweli, tusome sura ya 24. Daudi alimpata Sauli pangoni, akamwacha hai, akamsamehe mbele ya watu, Sauli akalia. Kisha mstari wa mwisho unasema Sauli alikwenda nyumbani kwake, na Daudi akapanda ngomeni. Hakurudi ikulu kukaa karibu na ule mkuki. Alisamehe kabisa, na akakaa mbali. Mtu wa Mungu akifanya hivyo leo, tusimwite mwasi. Serikali ina Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo haitaji kipigo peke yake. Imetaja dhuluma ya maneno na ya hisia, ya pesa, na hata kuingiliwa na wakwe. Nambari ya simu ya msaada ni 1195, na haitozwi.

Turudi kwa zile nyumba nyingine, ambazo ndizo nyingi, ambako hakuna mkono uliopanda ila kuna Penina. Ufanye nini?

Elkana angeanza kwa kumtaja Penina. Mume, ukiona mkeo hali, usiongeze nyama. Uliza, "Ni mama amesema nini?" Mke, ukiona mzee anachelewa makusudi kurudi nyumbani, huenda kuna neno lilisemwa juu ya pesa mwezi wa pili na halijafunguliwa hadi leo. Waefeso 4:26 inataka hasira iishe kabla jua halijatua, na mtu wa hesabu anaelewa kwa nini. Deni lililolipwa siku ile ile halina riba. Likilala, linazaa. Hamtamaliza kila jambo kabla ya magharibi, lakini mnaweza kukubaliana kwamba mtaliongea Jumamosi saa kumi, na hapo mtu analala akijua nyoka amefungiwa.

Na mashamba. Katika mwaka mmoja naitwa kusuluhisha mipaka na zamu za maji kuliko ndoa. Mji wetu unaitwa Kithimani, na kithima ni kisima. Tungekuwa wa kwanza kuelewa Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, wakagombaniwa, akakiita Eseki. Wakachimba cha pili, wakagombaniwa, akakiita Sitna. Akaondoka akachimba cha tatu, Rehobothi, na huko akapata nafasi. Darasani tulifundishwa kwamba pesa uliyokwisha kuizamisha isikufanye uzidi kuzamisha nyingine. Isaka aliacha visima viwili vya jasho. Sisemi kila mtu aache shamba la babake. Haki ipo, na ofisi za ardhi zipo. Nasema ukikaa chini kupiga hesabu ya futi tatu za mpaka, weka na miaka kumi na miwili ya kutosemezana na ndugu yako, na kile miaka hiyo imefanya mwilini mwako na mwake.

Kuna kosa la Eli pia, na hili ni letu sisi watumishi. Aliona midomo ya Hana inacheza bila sauti, akaamua amelewa. Mtu alikuja na mzigo wa miaka mingi, kuhani akamkemea kabla ya kumwuliza. Wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, mtu akija amevurugika, tuulize kwanza.

Hana alimjibu kwa heshima, akasema amemwaga nafsi yake. Sasa soma mstari wa 18 pole pole, kwa sababu mara nyingi tunaukimbilia ule wa 20 ambako mtoto anazaliwa. Katika mstari wa 18 hakuna mtoto. Penina bado yuko, na kesho asubuhi watarudi wote Rama, nyumba ile ile. Lakini Hana alikwenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mwili ulipata nafuu kabla ya jibu kuja, siku ile aliposema yote mbele za Mungu na akapata mtu mmoja wa kumsikia na kumwambia aende kwa amani.

Kwa viongozi wa ushirika wa nyumbani wiki hii: someni 1 Samweli 1:1–19 pamoja, na mjadili kwa nini Elkana hakumtaja Penina. Msimlazimishe mtu yeyote kushuhudia habari za ndoa yake au boma lake mbele ya kikundi. Yasemwayo kikundini huwa yamefika stendi kabla ya jioni. Mwenye jambo aje ofisini siku yoyote ya juma isipokuwa Jumatatu, peke yake au na mwenzake, na akipenda kuzungumza na mama mchungaji badala yangu, aseme tu. Jumapili hii baada ya ibada ya pili dada zetu wauguzi watakuwa nje chini ya hema na mashine ya presha. Kupima ni bure. Atakayekutwa imepanda ataandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya Matuu, na tunaomba aende kweli.